Kipanya cha Mashoto

Mashini namba saba ilikuwa ya mwisho, pembeni kabisa, na upande wake wa kushoto hakukuwa na mashini nyingine wala ubao wa kutenganisha. Kulikuwa na ndoo ya kudekia na ukuta uliobambuka rangi. Wenzangu hawakuitaka kwa sababu upepo wa feni haukufika kule. Mimi nikifika saiba nikute imekaliwa, nangoja. Jamaa wa saiba ananiuliza, "Kwani tatu huioni? Si iko wazi?" Nasema nangoja saba. Nadhani aliamini nina mambo ya kishirikina.

Sababu ilikuwa kiwiko tu. Saiba yenyewe ilikuwa Kisauni, mashini saba zimebanwa ndani ya chumba ambacho zamani kilikuwa duka la nguo. Ukishika kipanya kwa mkono wa kushoto kwenye mstari kama ule, kiwiko chako kinakutana na kiwiko cha kulia cha jirani yako, na mnaanza kupigana kabla hata gemu haijafunguka. Kule namba saba nilipigana na ndoo peke yake.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, basi hiyo ni 2011. Bei ilikuwa shilingi moja kwa dakika. Shilingi 20 za nauli ya matatu nilizigeuza dakika 20, halafu narudi nyumbani kwa miguu na jua lote la Mombasa kichwani. Katika dakika hizo 20, mbili za kwanza zilikuwa za kuhamisha nyumba. Kwanza navuta waya wa kipanya, naupitisha nyuma ya kibodi mpaka upande wa pili, na kama waya ni mfupi nasukuma kibodi yenyewe kulia. Pili naingia kwenye mipangilio ya Windows, kuna kisanduku pale cha kubadilisha vitufe vya kipanya, natia tiki, kitufe cha kulia kinakuwa ndicho kikuu. Dakika zimebaki 18. Nikitoka natakiwa nirudishe kila kitu kilivyokuwa.

Siku moja nikasahau. Aliyekalia namba saba baada yangu alikuwa mzee mmoja wa heshima zake, kanzu na koti, amekuja kujaza fomu ya kodi. Kila akibonyeza anapata orodha ya maneno ambayo hakuyaita. Akabonyeza, akabonyeza, akamwita jamaa wa saiba, "Kijana, mashini yako ina wazimu." Jamaa akahangaika dakika kumi, akazima, akawasha, akabadilisha kipanya kizima. Alipogundua, alinikuta nje nanunua viazi karai. "Wee Mashoto! Umeharibu mashini namba saba!" Basi jina likashika. Mpaka namaliza shule ya msingi, hakuna aliyeniita jina langu mle ndani. Nikisimama tu kuondoka nasikia, "Mashoto, umerudisha?"

Ajabu ni kwamba lile jina sikulichukia. Saiba ndiyo iliyokuwa mahali pekee nilipoitwa Mashoto kwa sababu nilikuwa natumia kushoto, si kwa sababu nimekatazwa.

*

Lugha yenyewe iliwahi kuamua kabla yangu. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Amri imo ndani ya jina. Wazee wa kwetu huuita pia mkono wa kuume, na ule mwingine wakauita wa kike. Kwa hiyo mtoto wa kiume anayenyoosha mkono wa kushoto kuchukua sambusa ameshakosea mara mbili kabla hajaitafuna. Mkono wa kushoto una kazi yake, kila mtu anaijua, na baada ya kazi hiyo unaoshwa na unakaa kimya.

Mama alianza na mimi mapema. Alikata upindo wa leso kuukuu, akanifunga kidole gumba na viganja vyake vinanukia kitunguu, akaupitisha ule utepe kiunoni, na mkono wangu wa kushoto ukakaa pale kama mgonjwa. Nilikuwa nafungwa wakati wa chakula tu. Hakuwa mkali. Alikuwa akinifunga huku ananisimulia habari, na nikimaliza sahani ananifungua, ananisugua mahali palipobanwa. "Samaki mkunje angali mbichi," alimwambia jirani aliyeuliza. Aliogopa, nadhani, siku nitakapoalikwa mahali, nikae kwenye sinia moja na watu, nitie mkono wa kushoto kwenye wali, na watu wainuke wasile. Aibu hiyo ingekuwa yake, si yangu. Nikiwa na miaka mitano nilikuwa nala kwa kulia bila kufungwa, na mpaka leo nala kwa kulia. Sioni ubaya. Sijawahi hata kutamani kula kwa kushoto.

Kuandika ndiko kulikokuwa na shida. Darasa la pili tulipata mwalimu aliyeamini kwamba penseli nayo ina mkono wake. Hakuwa na leso, alikuwa na rula, na aliitumia kwa ubapa siku nzuri na kwa ukingo siku mbaya. Nikahamia kulia. Mwandiko wangu ulikuwa unaanza kusimama, ukaanguka tena, ukawa kama kuku kapita na miguu ya wino. Haukusimama tena. Ninaandika kwa kulia tangu 2006 na ukiniona nikijaza fomu ya benki utadhani najifunza leo.

Lakini mkono wa kushoto haukufa. Ulibaki na himaya yake ndogo, mambo ambayo watu wazima hawayasimamii: kurusha mawe kwenye miembe, kupiga gololi, kufungua chupa, kupaka rangi kucha za dada yangu. Halafu siku moja binamu yangu mkubwa akanipeleka saiba, akanikalisha, akasema shika hii. Sikumbuki kufikiri. Mkono wa kushoto ulienda wenyewe. Na hakuna aliyesema kitu! Mama hakuwa amewahi kuona kipanya. Mwalimu alikuwa amekiona kwenye kitabu cha picha tu, kwenye somo la tarakilishi ambalo tulilisoma ubaoni mwaka mzima bila tarakilishi. Kilikuwa chombo kigeni, hakijapangiwa mkono. Ndivyo nilivyodhani.

*

Kipanya cha kwanza duniani kilikuwa kipande cha mbao. Douglas Engelbart alikibuni, mhandisi mwenzake Bill English akakitengeneza, California, mwaka 1964. Kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Desemba 1968 Engelbart alikionyesha mbele ya watu San Francisco, na video iko, unaweza kuiangalia usiku ukikosa usingizi. Mkono wake wa kulia uko kwenye kipanya. Wa kushoto uko kwenye kibao kidogo chenye vitufe vitano, kama vya piano, ambavyo ukivibonyeza kwa pamoja unapata herufi. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu ndivyo vijana wote wanavyokaa kwenye gemu: kulia inalenga, kushoto inabonyeza.

Kile kisanduku cha mbao hakikuwa na ubaguzi wa wazi. Ubaguzi ulikuja na starehe. Watengenezaji walianza kufinyanga kipanya kifuate kiganja, na kiganja walichokifuata kilikuwa cha kulia, maana kati ya watu kumi ni mmoja tu hivi aliye wa mashoto, na plastiki haitengenezewi kalibu kwa ajili ya mtu mmoja. Kama wewe ni wa kulia hujawahi kukiangalia kipanya chako, kwa hiyo kiangalie sasa. Upande wa kushoto kuna bonde, gumba linalala hapo. Juu ya bonde kuna vitufe viwili vidogo. Mgongo umeinuka kushoto na kuteremka kulia, kidole cha mwisho kikapate pa kupumzika. Sasa kishike kwa mkono wa kushoto. Gumba linateleza kwenye mteremko. Mgongo unakusukuma kifundo kiende nje. Vile vitufe viwili vimekuja kukaa chini ya kidole cha pete, na kidole cha pete ndicho kidole kizembe kuliko vyote, hakiwezi kubonyeza bila kumwamsha jirani yake.

Viko vipanya vilivyo sawa pande zote. Vya saiba vilikuwa hivyo, vile vya bei rahisi, kama mayai yaliyokatwa, na nikavipenda bila kujua kwa nini. Lakini hata kati ya vipanya sawa, vingi vikiongezwa vitufe vya gumba vinaongezwa kushoto tu, upande wa gumba la kulia. Vyenye vitufe pande zote mbili vipo, Zowie waliwahi kutengeneza, Logitech nao wana vichache. Bei yake si ya mtoto wa nauli ya matatu.

Kibodi nayo ina habari yake. Gemu za zamani hazikujali. Doom ya 1993 ilitembea kwa mishale, na mishale iko kulia, kwa hiyo mtu wa mashoto alikaa vizuri kabisa: kushoto kipanya, kulia mishale. Ikaja Quake, akaja kijana anaitwa Dennis Fong, jina la uwanjani Thresh, ambaye 1997 alishinda shindano na zawadi yake ikawa gari la Ferrari la John Carmack, mmoja wa waliotengeneza gemu yenyewe. Fong alitembea kwa W, A, S na D, chini ya mkono wa kushoto, na wengi humtaja yeye kuwa ndiye aliyeifanya desturi. Baada ya hapo kila gemu ya bunduki ilikuja imepangwa hivyo. Mimi nikabaki kwenye mishale. Kuzunguka mishale kuna vitu vichache: Shift ya kulia, Control ya kulia, Enter, Delete, End, na sifuri ya zile namba za pembeni. Nikazigawia kazi zote. Kuchuchumaa, kuruka, kubadilisha risasi, kununua bunduki. Kwenye Counter-Strike 1.6 unaweza kuandika mgao huo kwenye faili moja fupi, na kwa kuwa mashini za saiba zilifutwa kila zikizimwa, nilitembea na faili yangu kwenye flashi ya GB 2, imefungwa uzi shingoni chini ya shati la shule. Wengine walibeba nyimbo.

Mstari wa mwisho wa faili ile ulikuwa cl_righthand 0. Maana yake: bunduki ishikwe kushoto. Na hapa kuna jambo ambalo nililijua baadaye sana likanifurahisha kupita kiasi. Bunduki za Counter-Strike zilichorwa zimeshikwa kwa mkono wa kushoto tangu mwanzo. Minh Le ndiye aliyezichora, 1999 huko, na ukichagua kulia gemu inazipindua tu kama kwenye kioo. Ndiyo maana kwenye 1.6, kwa mchezaji wa kulia, maganda ya risasi yanaruka kuelekea kushoto. Mamilioni ya watu wamecheza miaka yote hiyo wakiangalia picha iliyopinduliwa, na mimi kwenye namba saba, karibu na ndoo, ndiye niliyekuwa naona iliyo sawa.

*

Nilikwenda chuo Nairobi 2017. Hosteli, watu wanne chumba kimoja, laptopu mbili na nusu, ile nusu ilikuwa yangu kwa sababu haikuwa na betri wala herufi ya P. Kipanya kizuri kilikuwa kimoja tu, cha rafiki yangu mmoja, kilichofinyangwa vizuri, cha mkono wa kulia. Tulicheza kwa zamu. Zamu yangu ikifika nahamisha waya, nabadilisha vitufe, nachomeka flashi, na wenzangu wanaguna. "Buda, si utumie mkono kama watu. Unatumalizia stima." Hawakuwa wabaya. Ilikuwa kweli nawamalizia stima.

Nikahamia kulia. Ilinichukua muhula mmoja. Mwanzoni nilikuwa nakufa kama nzi, halafu nikawa wastani, halafu watu wakasahau kwamba nimewahi kuwa vingine. Nilihamishwa mara ya pili maishani, na mara hii hakuna aliyenifunga leso.

Ningependa kukwambia kwamba niliacha chuo kwa sababu ya mkono. Nimejaribu kuisimulia hivyo, kwa wasichana hasa. Mitihani yetu ilikuwa ya kuandika, saa mbili, maswali manne, na mimi kufikia swali la tatu vidole vimekaza, mwandiko umelala chini, msimamizi anasema kalamu chini na nina kurasa kichwani ambazo hazijafika kwenye karatasi. Hiyo ni kweli. Ila ni kweli pia kwamba karo ilikuwa imebaki nyuma miwili mizima ya mihula, na kwamba usiku wa kuamkia mtihani mmoja wa takwimu nililala saa kumi alfajiri nikicheza. Mkono una sehemu yake. Siwezi kuupimia ni kiasi gani. 2019 sikurudi baada ya likizo. Nilimwambia Mama kwa simu, nimesimama nje ya kituo cha basi ili kelele zinisaidie. Akanyamaza. Kisha akauliza kama nimekula.

Kazi niliyopata ni ile waliyoipata wengi wa rika langu: kuwaandikia watoto wa watu kazi zao za chuo, Marekani na Uingereza, kwa malipo ya kila ukurasa. Nimeandika insha za uuguzi sijui ngapi. Nimeandika tasnifu mbili za uzamili na mimi mwenyewe sina hata cheti cha mwaka wa pili. (Naam, najua. Siku hizi siandiki tena za hivyo, na si kwa sababu ya uchaji tu. Kazi zenyewe zimekauka.) Kwenye kibodi mikono yangu yote miwili ilikuwa sawa. Hakuna mwandiko. Mara ya kwanza nikawa nafikiri kwa kasi na maneno yanafika kwa kasi ileile, na nikalia kidogo, usiniulize zaidi.

Nilikuwa nachapa saa kumi na mbili kwa siku na kucheza nne. Ilipofika marufuku ya kutoka nje usiku, 2020, hata kisingizio cha kwenda kunyoosha miguu kikaisha. Mwaka uliofuata gumba langu la kulia, na kidole cha shahada, na cha kati, vikaanza kufa ganzi usiku. Naamka natikisa mkono kama mtu anayekausha maji. Kisha nikashindwa kushika kikombe. Kliniki wakanipa kifaa cha kuvaa kwenye kifundo, wakaniambia nipumzishe mkono huo. Daktari akaniuliza, kwa kuzoea tu, "Unatumia mkono gani?" Nikakosa jibu. Akaniangalia, akaandika *kulia*.

*

Kipanya kilikuja kutoka Dubai ndani ya begi la binamu yangu, kimeviringishwa kwenye kikoi. Razer Naga, cha mkono wa kushoto. Kampuni ilikuwa imewahi kukitengeneza, ikaacha, ikakirudisha tena 2020 baada ya watu kulalamika miaka. Takriban dola 100, yaani zaidi ya shilingi elfu kumi, na kodi ya chumba changu Bamburi wakati huo ilikuwa elfu saba. Sikukinunua kwa akili. Kilikuwa karibu ndicho peke yake.

Cha kuchekesha ni kwamba kiliundwa kwa gemu za aina nyingine kabisa, zile za uchawi na majoka ambapo mtu anahitaji mbinu thelathini mkononi. Upande wa gumba kina vitufe 12, vimepangwa kama vya simu ya kizamani. Gumba langu la kushoto limekaa miaka yote halina kazi, sasa limepewa 12 kwa siku moja.

Nilikifungua usiku, nikakiweka upande wa kushoto wa kibodi, nikakishika. Kiganja kikajaa. Hakuna mteremko, hakuna pa kuteleza, kila kidole kilikuta mahali pake pamechimbwa kinakisubiri. Nilikaa hivyo bila kukisogeza. Halafu nikafungua Counter-Strike, nikaingia kwenye seva za Johannesburg ambazo ndizo za karibu nasi, na nikachezwa vibaya kuliko siku yoyote tangu namba saba.

Sikutegemea hilo. Kwa miaka nilijiambia kwamba mchezaji halisi yuko ndani yangu kafungwa leso, na siku atakapofunguliwa dunia itaona. Nikamfungua, kumbe hajui kitu. Alama ya kulenga ilitetemeka. Nikimwona adui mkono unapita kichwa chake, unarudi, unapita tena. Mwenzangu mmoja wa timu, mgeni wa Afrika Kusini kwa lafudhi yake, akaniuliza kama ninacheza kwa mguu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mkono wa kulia, ule unaoumwa, ulikuwa unajua. Nilipochoka na aibu niliuvua kile kifaa nikacheza raundi tatu kwa kulia, nikaua wanne, na usiku ule maumivu hayakunipa usingizi.

Nikaanza upya kama mtoto. Ramani tupu, hakuna adui, natembea nikilenga kona za milango kwa urefu wa kichwa. Nusu saa kila asubuhi kabla ya kazi. Wiki ya pili mkono uliacha kutetemeka. Wiki ya tano nikarudi kwenye mishale, nikashangaa vidole vya kulia vinaikumbuka Delete, vinaikumbuka End, miaka mingi imepita na faili ya ile flashi iko vidoleni. Mwezi wa tatu nilikuwa wastani tena. Sijawahi kupita wastani. Nina miaka 26, ukweli huo nimeuzoea.

Septemba 2023 ikatoka Counter-Strike 2, na bunduki ya kushoto haikuwemo. Waliiondoa tu. Kusema kweli haina athari kwenye shabaha, risasi hutoka katikati ya skrini hata bunduki ishikwe na nani. Lakini mkono unaoonekana pale mbele yako, unaobadilisha risasi, ni mkono wako, na siku ile nilifungua gemu nikakuta nimebadilishiwa mkono bila kuulizwa. Niliifunga. Iliwachukua miezi saba kuurudisha, Aprili 2024, safari hii ukiwa na kitufe cha kuhama kushoto na kulia katikati ya mchezo. H. Unabonyeza, bunduki inahama mkono. Kuna siku nabonyeza tu bila sababu, nimejificha nyuma ya sanduku, nasubiri mtu apite. Kushoto. Kulia. Kushoto.

*

Mwaka jana Mama alikuja kukaa kwangu wiki moja, akiwa na mpwa wangu wa miaka minne. Mtoto wa dada yangu, na wa mashoto kama mimi. Niliijua hata kabla sijaambiwa, siku ya kwanza tu, kwa jinsi alivyoupokea ufunguo. Mezani mkono wake ukielekea sahani, Mama anaugonga kwa kidole kimoja, bila hata kukatiza mazungumzo. Mtoto anabadilisha. Baada ya dakika unarudi.

Siku ya tatu nikasema, "Mama, muache."

"Nimuache ale kama nani?"

"Ale tu. Akikua atajua."

Akaniangalia. "Wewe nilikuzoeza. Uliharibika?"

Nilikuwa nimevaa kile kifaa cha kifundo, nimekaa kwenye chumba kimoja Bamburi, sina shahada, sina mke, usiku nacheza gemu. Sikujua pa kuanzia. Na yeye hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

"Hapana, Mama."

"Basi."

Jioni ile mtoto alikuwa magotini kwangu, amekamata kipanya kwa kushoto, anapiga risasi ukuta mmoja na haki yake yote. Mama akasimama nyuma yetu, kitambaa cha jikoni begani. Akatazama muda.

"Na hicho nacho wakishikia kushoto?"

"Kimetengenezewa kushoto."

"Hebu."

Mtoto akaachia kwa shingo upande. Mama akaketi kitandani, nikamsogezea meza. Akaweka mkono wake wa kulia juu ya kile kipanya, mkono ninaoujua, wenye alama ya moto wa mafuta karibu na gumba. Gumba likatafuta mahali, likateleza. Akaupanga mkono upya. Kidole chake cha pete kikaangukia kwenye vile vitufe 12 na kwenye skrini bunduki ikabadilika kuwa kisu, kisu kikawa bomu, bomu likaanguka miguuni petu. Akakiinua, akakigeuza, akakitazama chini yake kama anayekagua samaki sokoni.

"Kimepinda hiki."

"Hakijapinda, Mama. Ni cha mkono wa kushoto."

"Si ndio n'nakwambia, kimepinda. Hakinikai." Akajaribu tena, mara ya tatu, polepole, kifundo kimekwenda nje. "Wauma mkono. Watu watumiaje kitu kama hiki mchana kutwa?"

Sikujibu. Mtoto alikuwa ameshanyoosha mkono, "Bibi, nipe," na Mama akamtazama ule mkono ulionyooshwa, akautazama kweli, halafu akakitia kipanya ndani yake.

"Bei gani?" akaniuliza akiinuka.

"Elfu moja," nikasema.

Akaenda jikoni. Nikasikia maji, nikasikia sufuria, halafu sauti yake ikapita pazia, hasemi na mimi wala na mtoto. "Elfu moja nzima. Na kimepinda."